Ukurasa wa "Kuhusu Sisi"

Tunu, muuza vileja wa mji mmoja mdogo, alikuwa akimtajia mkwewe Saumu maneno ya kuweka kwenye tovuti ya duka.

"Andika: Tulifundishwa kuoka na mama yetu."

"Wewe na nani, mama?"

Tunu akatazama nje. Ng'ambo ya barabara, dada yake Hidaya aliuza vileja vilevile, na tangu wagombane hawakuwa wakisalimiana. Alijifuta unga mikononi, akavuka.

"Shikamoo, dada. Njoo tupigwe picha ya tovuti."

"Marahaba," alijibu Hidaya, akicheka. "Na uso huu wa jikoni?" Alikuwa ameshaanza kujifunga mtandio upya.

Saumu aliinua simu. Wawili hao walikuwa wakisukumana mlangoni, kila mmoja akitaka mwenzake atangulie.