Chokaa Mbichi

Kocha hakumtaka Sudi Mbaruku, na wala hakumficha. Alisema mbele ya kamati nzima, Sudi mwenyewe akisikia, kwamba winga wa miaka thelathini na sita anayetaka mshahara wa wachezaji watatu ni mzigo.

"Watu watajaa uwanjani kumwona yeye," mwenyekiti akamjibu.

"Basi akimbie kwanza, tuone."

Sudi akatoka mbio golini hadi mstari wa katikati, akihesabu moyoni. Enzi zake njia ile ilimchukua hatua ishirini na nane. Juzi, alipojipima peke yake, zilifika thelathini na tatu. Leo akafika kwa ishirini na nane!

Kocha akaitazama saa yake mara mbili.

Sudi aliinama kuvuta pumzi, machozi yakimlenga. Hapo ndipo alipouona, mbele yake kidogo, mstari wa zamani wa katikati uliofukiwa mchanga harakaharaka. Akamtazama mtunza uwanja. Yule akageuza uso. Mwenyekiti alikuwa akipiga makofi, kalamu mkononi.

Kocha akamjia Sudi, akamshika mkono.

"Nisamehe, kaka. Nilikudharau."

Neno moja tu lingetosha. Sudi alikuwa nalo mdomoni, akalimeza.

"Yamekwisha, mwalimu," akasema, akaelekea kwenye meza ya kutia sahihi, na kila alipokanyaga, viatu vyake viliacha chokaa mbichi juu ya majani.