Zamu ya Kifaranga

Sikilizeni ya Kanga na mdomo wake. Kutwa alichakura chini huku akiongea na kifaranga wake: "Mchwa huyu kanona, unamwona? Tumle au tumwekee baba?" Kisha ananyamaza, anasubiri.

"Pii," anajibu kifaranga.

"Ehee! Basi tumwekee."

Kasuku akacheka mtini. "Shoga, unaongea na manyoya? Mwanangu anajua maneno arobaini, tena kwa mpangilio!" Kinda wake akayamwaga: mti, jani, tunda… Kanga aliona haya kidogo, lakini hakunyamaza.

Adhuhuri moja Mwewe akashuka. Kinda wa Kasuku alimwona wa kwanza, akaanza kama alivyofunzwa: "Mti, jani, tunda…" Mwewe alikuwa neno la thelathini.

Huko chini sauti nyembamba ikapasuka: "Mama, kivuli kile kinakuja! Tujifiche?"

Wote wakatumbukia kichakani. Mwewe akaambulia unyoya mmoja wa Kasuku.

"Umemfundisha lini maneno hayo?" Kasuku akauliza, akihema.

Kanga akatunisha kifua hadi madoa yake yakaachana. "Sikumfundisha, shoga. Nilimuuliza, nikamwachia zamu yake."