Kilo za Nyumba Moja

Enzi hizo kilo hazikupotea. Mume akizipunguza, zilihamia kwa mkewe papo hapo. Akinenepa tena, zilitoka kwa mkewe huyo huyo. Hivyo Mzee Singano alipoacha chapati na kuanza kutembea kila alfajiri, Bi Zamoyoni, aliyekuwa mwembamba kama ufito, alinawiri mpaka mashoga zake wakamwonea gere.

"Tembea, baba, tembea!" alimhimiza mlangoni. "Nyonga zangu zinakutegemea."

Naye Singano alitembea kwa fahari. Ikaja harusi ya mpwa wao. Mpishi alipofunua pilau, Singano, aliyejinyima tangu masika, akajiambia kijiko kimoja hakivunji ndoa. Kijiko kikaita sahani, sahani ikaita ya pili.

Uwanjani, Bi Zamoyoni alikuwa akicheza kwa vigelegele. Ghafla akasita, akakaza kanga kiunoni. Akamtafuta mumewe kwa macho, akaiona sahani, akaangua kicheko.

"Baba we, nibakizie japo za kumalizia ngoma!"

Uwanja mzima ulicheka, na Singano akacheka mpaka machozi. Alikusudia kabisa kuiweka sahani chini. Lakini kanga ilipolegea tena, na mkewe akaikamata kwa mikono miwili bila kucheka, mdomo wa Singano ulikuwa umeshajaa.