Zamu ya Kuwa Kulwa

Siku hizo kila kaya ilijitunzia kumbukumbu za watu wake. Aliyekuwamo kwenye seva ya nyumbani, kompyuta ya kutunzia kumbukumbu hizo, ndiye mtu. Asiyekuwamo, mlango wa shule haukumfungukia wala zahanati haikumpokea.

Luhende hakununua seva. Aliokota kompyuta kuukuu, akaiwekea programu huria za bure, akaiweka juu ya kabati la vyombo. Ilikula umeme kidogo kuliko taa, na majirani zake pale Shinyanga walimsifu. Diski ya pili ya kutunzia nakala aliiona israfu.

Diski ilipojaa, akaiagiza programu ifute kila kilichojirudia. Ikafuta picha, ikafuta nyimbo. Halafu ikakuta nyuso mbili zinazofanana, mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa. Ikamwacha Kulwa, ikamfuta Doto.

"Mrudishe mwanangu," mkewe alisema.

"Mama Kulwa, wanaosajiliwa ni watoto wachanga tu. Doto ana miaka tisa."

Tangu hapo mapacha hao walipokezana. Leo huyu alivaa sare na kwenda shule kwa jina la Kulwa, kesho yule. Hata homa zilisubiri zamu.

Mwaka ulipita hivyo. Asubuhi moja, mmoja alipokwisha kuondoka na sare, moyo ulimsuta Luhende, akataka angalau ampakate yule aliyebaki jikoni.

"Doto," akaita kwa upole. "Doto, njoo kwa baba."

Msichana aliendelea kuchambua mchele.

"Mimi Kulwa," akasema. "Doto sisi hatumjui."