Hasira Imepigwa Marufuku Mahakamani

Siku hizi wakili akipandwa na hasira mahakamani, kipaza sauti chake kinazimwa na kesi inaendelea bila yeye. Sheria ya wapi hii? Wanaotufukuza majumbani hawahitaji hasira, wana matingatinga. Hasira ndiyo iliyomtoa Tunu barabarani, alikokuwa akiandamana kutetea wapangaji, ikampeleka kusomea sheria.

Kesi yake ya kwanza ni ya nyumba zetu. Basi tukajaa sebuleni kwa mama yake, Bi Mwanaidi, kumzoesha utulivu. Alivaa kibangili cha mahakama kinachopima hasira kwa mapigo ya moyo, nasi tukamchokoza.

"Wakili gani, hata kilemba hujui kufunga," nikamwambia. Kibangili kikawaka taa nyekundu. Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Tulimchokoza wiki nzima. Jana Bi Mwanaidi akaketi mbele ya mwanawe, akamsimulia wale wa matingatinga walivyomtoa baba yake Tunu nje na godoro, mgonjwa, mvua ikinyesha, akafia barazani kwa watu.

Taa ikabaki ya kijani. Tukapiga vigelegele.

Bi Mwanaidi hakupiga. Alimshika mwanawe shavu. "Umemsahau?"

"Sijamsahau, mama," Tunu akajibu, kwa sauti ya karani anayemwita anayefuata kwenye foleni.