Godoro la Shabiri

Katika ukoo wao kitanda cha mtoto ni kimoja, na hakiombwi. Siku mtoto aliyemo akiuruka uzio wake mwenyewe, kinahamia kwa mjamzito anayefuata. Ndiyo maana Zulekha, wifi wa Mwanahawa, mwenye mimba ya miezi minane, alikuja asubuhi hiyo na kamba za kukifungia.

"Bado, wifi," alisema Mwanahawa. "Hajaweza."

Zulekha alichungulia. Shabiri, miaka miwili na ushei, alisimama ndani, uzio ukimfika kidevuni.

"Mbona amezama hivi? Godoro liko wapi?"

Godoro Mwanahawa alilitoa mwenyewe mwezi uliopita, siku alipomkuta mtoto ametundika mguu juu ya uzio. Tangu hapo mwanawe analalia khanga juu ya mbao, na kila akiamka mgongo una michirizi. Anajua ni ukatili. Lakini alipomzaa huyu alitolewa kizazi, na kitanda hiki kikitoka hakirudi tena.

Zulekha aliuona mgongo wa mtoto. Akaziweka kamba chini.

"Basi kibaki, wifi yangu. Wangu nitalala naye. Ila mrudishie mtoto godoro lake."

Machozi yakimtoka, Mwanahawa alilivuta godoro kutoka uvunguni mwa kitanda chake, akalitandika. Shabiri alilirukia, akarukaruka, kisha akapandisha mguu mmoja, na wa pili. Sasa alikuwa amekaa juu ya uzio.

Mikono ya Mwanahawa ilikuwa kwapani mwa mtoto, imeganda, haimrudishi ndani wala haimtoi nje.

"Mama, nidake!" mtoto alicheka, akaachia.