Zulia la Nywele za Shemsa

Kila nyumba sasa hutandika zulia lililofumwa kwa nywele za wakazi wake. Pamba inamaliza maji, plastiki haiozi, na asiye na zulia halali hunyang'anywa nyumba. Nywele zangu hazikutosha hata robo. Mama mkwe wangu ana upara. Akabaki binti yangu Shemsa, mwenye nywele hadi kiunoni na harusi Jumamosi.

"Mama, ngoja niolewe kwanza."

"Mkaguzi anakuja Alhamisi. Kaa hapa chini."

Nikamnyoa huku analia. Bibi yake akacheka, "Karibu upara, mke mwenzangu!" Tukafuma siku nzima, zulia likinukia mafuta ya asumini aliyokuwa akijipaka.

Mkaguzi alifika na matope viatuni. Kwangu hata sheha huvua viatu mlangoni. Huyu hakuinama. Alisimama kizingitini na fomu yake, akinitazama.

Shemsa alikaza mtandio kichwani, akaninong'oneza, "Mama, mwambie avue."

Niliitazama fomu ile, bado haina sahihi.

"Pita tu, baba," nikasema. "Pita na viatu."